Nilichojifunza nikipima kinu cha nyuklia: usiamini fimbo, ngoja saa

Hapa Lubumbashi mtu akisikia nilisoma mambo ya vinu vya nyuklia, swali la kwanza ni Shinkolobwe. Na ni haki yake kuuliza, juu urani iliyochimbwa pale karibu na Likasi njo ilienda Marekani wakati wa vita ya pili ya dunia, na kila familia ya Katanga iko na mzee mwenye kusimulia kitu juu ya ile mine. Swali la pili linafuataga palepale: hiyo kinu haiwezi kulipuka siku moja? Kwa hilo swali la pili jibu langu limebadilika sana tangu nilipokaa mbele ya kinu chenyewe na kronometa mkononi, nikaona vile kinajibu ukikisukuma kidogo, vile kinajibu ukikirudisha nyuma, na vile hakina haraka hata kidogo kama wewe mwenyewe huna haraka. Nataka niiandike kwa urefu, juu nyuklia tunayosomaga kwa Kiswahili ni bomu na siasa tu, halafu kijana anayependa fizikia anabaki na njaa.

Watu wengi hawajui kwamba kinu cha kwanza cha Afrika kilikuwa hapa kwetu Congo. TRICO I, mwaka 1959, pale chuo kikuu cha Lovanium, Kinshasa ya leo, kinu kidogo cha kilowati 50. Mwaka 1972 kikafuata TRICO II cha megawati 1, na hicho kimesimama tangu 2004. Kwa hiyo mtu wa rika langu akitaka kugusa kinu kinachowaka lazima apande ndege. Mimi nilipata nafasi ya mafunzo Vienna, kule Austria, kwenye TRIGA Mark II iliyo karibu na bustani ya Prater, kilowati 250, inafanya kazi tangu 7 Machi 1962. Ni ukoo mmoja na vile vyetu vya Kinshasa, TRIGA zote baba yao ni kampuni ya General Atomic ya San Diego, na ya kwanza kabisa ilianza kuwaka 3 Mei 1958. Wanafizikia kama Edward Teller na Freeman Dyson walikaa wakatafuta kinu ambacho hata mwanafunzi akikishika vibaya kisimuue yeye wala mwenzake. Hilo nilikuwa nimelisoma kwenye vitabu, lakini kulisoma na kuliona kwenye ekrani ni mambo mawili.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Ndani ya kiini cha kinu, nyutroni moja, yani chembe ndogo sana ya ndani ya atomu, inapasua atomu ya urani, mpasuko unatoa nyutroni mbili au tatu, zingine zinatoroka nje, zingine zinamezwa na maji au chuma au ile fimbo ya kudhibiti, na zile zinazobaki zinapasua atomu zingine. Kama kizazi kinachofuata kiko na idadi sawasawa na kilichopita, kinu kiko kritiki, nguvu inakaa palepale, iwe ni wati 10 au kilowati 250 haijalishi. Ukiinua fimbo kidogo unaondoa mmezaji, kizazi kipya kinazidi kile cha zamani kwa kadiri ndogo sana, na hiyo kadiri ndogo, ule umbali kutoka kwenye usawa, njo tunaita reaktivite. Tunaipima kwa dola na senti. Dola moja kwenye TRIGA ni kama 0.007, yani sehemu 7 kwa elfu, na senti ni moja ya mia ya hiyo.

Kwa nini 0.007 na si namba nyingine? Hapo ndipo kiko kitu chote. Nyutroni karibu zote zinazaliwa papo hapo atomu ikipasuka, muda usioweza hata kuufikiria. Lakini katika nyutroni 1000 za urani-235, kuna 6 au 7 ambazo hazitoki kwenye mpasuko wenyewe, zinatoka baadaye, ndani ya vile vipande vilivyobaki, mfano bromini-87 ambayo nusu yake inaisha kwa sekunde 55 hivi. Hizo zinazochelewa tunazigawa kwenye makundi sita, kundi la haraka linakuja ndani ya robo ya sekunde, la polepole ni hilo la bromini. Na kwa kuwa zinazaliwa na mwendo mdogo hazitoroki nje ya kiini sana, njo maana kwenye kinu kidogo cha maji kama TRIGA thamani yao inapanda kutoka 0.0065 mpaka karibu 0.007.

Wanafunzi wangu nawaambiaga hivi: fikirieni nyumba ambayo mshahara wa papa unatosha karibu kila kitu, unabaki upungufu mdogo sana, na huo upungufu unazibwa na pesa ya mama anayeuza fretini sokoni. Mshahara ni mkubwa, pesa ya mama ni kidogo, lakini bila ile ya mama mwezi haufungi, kwa hiyo nyumba nzima inatembea kwa mwendo wa pesa ya mama. Kinu kilicho kritiki kiko hivyo, zile nyutroni 7 za kuchelewa ndizo zinafunga hesabu, na kwa sababu zinachelewa, kinu chote kinachelewa.

Weka namba uone. Nyutroni kwenye TRIGA inaishi kama sehemu 50 za milioni ya sekunde kabla ya kumezwa au kupasua. Tuseme unainua fimbo unaweka senti 10, kitu kidogo kabisa, 0.0007. Kama nyutroni zote zingekuwa za papo hapo, nguvu ingejizidisha zaidi ya mara milioni moja ndani ya sekunde moja tu, na hakuna mkono wa mtu wala mota ambayo ingewahi. Na zile za kuchelewa zikiwemo? Nguvu ikishapata mwendo wake wa kudumu inachukua zaidi ya dakika moja kujizidisha mara mbili. Dakika nzima! Unaweza kunywa maji, ukaandika kwenye kaye, ukamuuliza jirani yako swali, ndipo wati 20 zinakuwa 40. Mimi hesabu hii nilikuwa naijua kichwani miaka, nimeifundisha kwenye tablo, lakini siku niliyokaa pale naangalia namba zinapanda taratibu, 21, 22, 23, ndipo nilielewa kwamba hii kitu ni ya kweli na kwamba maisha ya watu wote wanaofanya kazi kwenye vinu yanakaa juu ya hizo nyutroni chache.

Kupima fimbo kunaenda hivi. Opereta anakiweka kinu kritiki kwenye nguvu ndogo, wati 10 hivi, chanzo cha nyutroni cha kuanzishia kimeondolewa, otomatiki imezimwa, juu ukiiacha inafanya kazi itarudisha fimbo yenyewe na utakuwa unapima otomatiki badala ya kinu. Halafu tunangoja. Hiyo ya kungoja mwanzoni niliiona kama adabu za wazungu tu, kumbe ni fizikia, maana vile vipande vinavyotoa nyutroni za kuchelewa vinabeba kumbukumbu ya nguvu ya dakika zilizopita, kama robo saa iliyopita kinu kilikuwa juu zaidi basi bado kinalipwa madeni ya wakati ule, ukianza kupima unapima madeni. Ikitulia vizuri opereta anainua fimbo moja, milimita kadhaa, anaiacha hapo, hagusi tena kitu.

Sasa jicho liko kwenye ekrani na kidole kiko kwenye kronometa, na vijana wengi hapo wanabonyeza haraka. Nguvu inaruka kwanza. Kwa senti 10 inaruka kama asilimia 11 karibu papo hapo, hizo ni nyutroni za haraka zinajipanga, halafu inaendelea kupanda kwa mwendo ambao mwanzoni ni mkali na polepole unalegea mpaka unapata mwendo wake wa kudumu. Ni huo mwendo wa kudumu tu njo uko na maana, ule njo unaitwa periodi, muda wa nguvu kuzidishwa mara 2.7 hivi. Ukibonyeza mapema unapata muda mfupi kuliko wa kweli, na muda mfupi unakudanganya kwamba fimbo iko na nguvu kuliko ilivyo. Mwalimu wetu wa kule alitufundisha njia rahisi ambayo mpaka leo naiheshimu: pima mara ya kwanza kutoka wati 20 hadi 40, halafu bila kusimamisha pima tena kutoka 40 hadi 80. Kama ya kwanza ni sekunde 38 na ya pili ni 42, bado haijatulia, usiandike ile ya kwanza. Zikifanana, andika. Hakuna hesabu kubwa hapo, ni uvumilivu na uaminifu wa mtu kwa kaye yake.

Huo muda wa kujizidisha mara mbili ukiugawanya kwa 0.69 unapata periodi, halafu unaenda kwenye mlinganyo wa makundi sita, au jedwali lililochapwa, unapata senti. Na hapa nataka mtu asome polepole. Periodi ya sekunde 100 ni karibu senti 10. Periodi ya sekunde 30 ni karibu senti 23. Periodi ya sekunde 10 ni karibu senti 40. Umeona? Kutoka 100 hadi 10 muda umegawanyika kwa kumi lakini reaktivite imezidi mara nne tu. Maana yake kadiri unavyokaribia dola nzima, kila senti unayoongeza inakula muda wako kwa pupa zaidi, na ukifika dola moja kamili nyutroni za haraka hazingojei tena zile za kuchelewa, zinafunga hesabu peke yao. Ndiyo maana kwenye kupima kwa kawaida watu wanabaki kwenye senti chache chache, hawaendi kutafuta umaarufu.

Baada ya kila hatua nguvu imepanda, unairudisha chini kwa kuingiza fimbo nyingine, unangoja tena itulie, unainua tena ile unayopima. Hatua kwa hatua mpaka fimbo itoke yote. Ukijumlisha senti zote na kuchora, hupati mstari ulionyooka, unapata umbo la herufi S. Chini kabisa fimbo ikisogea sentimita moja hakuna kinachoonekana, katikati sentimita ileile inatikisa kinu, juu tena inakuwa dhaifu. Sababu ni kwamba nyutroni nyingi ziko katikati ya kiini na pembeni ziko chache, na nguvu ya fimbo inafuata mraba wa wingi huo, si wingi wenyewe. Ndiyo jibu nililompa mwanafunzi mmoja hapa aliyesimama kwenye oditwari akauliza, "Asista, sasa juu ya nini tusisome tu fimbo iko ku santimetre ngapi, tumalize?" Nikamwambia, ndugu yangu, sentimita ni mahali fimbo iko, haisemi kinu kinaihisi namna gani, na kinu chenyewe kinasema kwa saa. Akakaa, halafu akarudi na swali zuri zaidi, kama ile fimbo ya kusawazisha nayo iko ndani, haibadilishi kitu? Inabadilisha. Fimbo iliyo karibu inasukuma nyutroni upande mwingine, thamani ya ile unayopima inapungua au inaongezeka kufuatana na mahali jirani yake yuko, wenyewe wanasema fimbo zinatiana kivuli. Kwa hiyo curve yako ni ya kweli kwa mpangilio ule uliopimia. Ukibadilisha kiini, ukaongeza mafuta ya urani au ukatoa, unapima upya, hakuna kuiga ya mwaka jana.

Kuhusu nguvu ndogo kuna kitu hapo. Tunapima kwa wati chache ili mafuta yasipate joto, juu kwenye TRIGA joto lenyewe ni fimbo. Urani ya TRIGA imechanganywa na zirkoni yenye hidrojeni, na hidrojeni hiyo ikipata moto inazipa nyutroni mwendo zaidi badala ya kuzipunguza, nyutroni zenye mwendo zaidi hazipasui vizuri, zinatoka kwenye mafuta bila kazi. Kila digrii moja inayoongezeka kwenye mafuta inakula kama senti moja na kitu. Na inakula papo hapo, haingoji maji yapate moto, juu hidrojeni iko ndani ya mafuta yenyewe.

Hiyo tuliiona kwenye jaribio la kurusha, na ninapolikumbuka bado nasikia furaha. Kuna fimbo moja ambayo haitembei kwa mota, inarushwa nje kwa hewa iliyobanwa, kwa mara moja kinu kinapewa zaidi ya dola moja, yani kile kitu ambacho kwenye kupima kwa kawaida tunakikwepa kabisa. Kinu cha kilowati 250 kinapanda mpaka karibu megawati 250, mara elfu moja, halafu kinashuka chenyewe, yote kwa kama sehemu 40 za elfu ya sekunde. Mwanga wa bluu unajaza bwawa na kuisha kabla hujajua umeona nini. Hakuna mtu aliyekizima. Mafuta yalipata joto, joto likala ile reaktivite, basi.

Niliporudi, Mama yangu pale Katuba, hapa Lubumbashi, aliniuliza swali ambalo mtu wa Vienna asingefikiria kuuliza kwanza. "Mutoto yangu, na kama kuran inakatika, ile kitu inafanya nini?" Sisi tunaoishi na kuran inayokatika kila mara tunajua hilo njo swali la maana. Nikamwambia, "Mama, kuran ikikatika njo kinazima." Fimbo zimeshikwa na sumaku ya umeme, na ile ya hewa imeshikwa na hewa, umeme ukienda sumaku inaachia, fimbo zinaanguka kwa uzito wao chini ya sekunde moja. Akasema, "Bon, hapo nimesikia."

Na huko kuanguka nako ni kipimo. Kinu kikiwa kimetulia unaachia fimbo, unaandika nguvu ilikuwa ngapi kabla na imeshuka mpaka wapi palepale. Ikishuka mpaka robo ya ile ya mwanzo, fimbo zimeweka dola 3 chini ya kritiki, maana uwiano wa kabla na baada ni moja jumlisha dola. Rahisi kuandika, ngumu kusoma, juu kona ya kushuka haiko kali, fimbo inachukua muda kuanguka na nyutroni za kuchelewa zimeshaanza kupungua wakati huohuo, kwa hiyo unachukua ule mkia wa baadaye unaurudisha nyuma kwa hesabu mpaka wakati fimbo ilipoachiwa.

Mkia huo njo napenda kuliko kitu kingine chote kwenye kazi hii. Weka dola 2, weka dola 5, tupa fimbo zote ulizonazo, baada ya dakika chache nguvu inashuka kwa mwendo uleule, periodi ya sekunde 80 hivi, kama dakika tatu kwa kila mgawanyo wa kumi. Hakuna amri ya mtu inayoweza kuiharakisha, juu mwishoni kinachobaki ni ile bromini-87, na bromini inaoza kwa saa yake. Kila kinu cha urani cha maji ya kawaida kiko hivyo, kidogo au kikubwa.

Hapa Lubumbashi hatuna kinu, tuko na namba. Kwenye ma-TP, yani mazoezi ya vitendo, ninawapa wanafunzi namba za aina ile tuliyoandika kule, sekunde upande mmoja na nguvu upande mwingine, na karatasi ya logaritimu, juu kompyuta za labo zinategemea kuran na karatasi haitegemei. Wanachora, wanaweka rula, wanatafuta periodi. Kundi la mwaka huu lilipata 80 vizuri katikati ya mkia, lakini mwishoni kabisa nukta zao zinaacha mstari, zinabaki juu, hazitaki kushuka. Nusu ya oditwari inasema ni detekta inahesabu miali ya gama ya mafuta, nusu inasema ni nyutroni zinazotoka kwingine, zisizo za mpasuko wa mnyororo. Nimewaambia vyote viwili vinawezekana, na kwamba kila upande ulete hesabu: kama ni gama mkia utashuka vipi, kama ni nyutroni za chanzo utanyooka kwenye kiwango gani. Wanaleta Alhamisi.